Sauti ikikatika na kurudi, IC haijafa

Jumamosi asubuhi, sijamaliza hata kufagia kibaraza, akaingia mzee mmoja wa hapa hapa Tanga na risiva ya homu thieta imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaituliza mezani, akasema maneno ambayo mwaka huu nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu: "Mwanangu, sauti inakatikakatika. Nimeambiwa IC imekufa. Itoe hiyo uniwekee nyingine."

Kaambiwa na nani? Na fundi, kwa simu. Fundi hajaiona.

Sasa tusikilizane. IC, ile chipu inayokuza sauti, ikifa, imekufa. Transista za pawa zikiungua kwa kawaida zinapiga shoti. Risiva inawaka sekunde chache, inajizima, na hata uibembeleze vipi haikupi sauti. Haifi saa mbili usiku, ikafufuka saa mbili na dakika moja, ikaimba kipindi chote cha pili, halafu ikafa tena kwenye matangazo. Sauti inayokatika na kurudi yenyewe inakuambia amplifaya inapumua, ila kuna kitu njiani kinaibana. Na njia ni ndefu: king'amuzi, waya, TV, waya tena, bodi ya HDMI (ule waya unaobeba picha na sauti pamoja), rilei (swichi ya kuunganisha spika), waya wa spika, spika. Wewe unarukia IC kwa sababu ndilo neno unalolijua.

Nisipokiri hili nitakuwa mnafiki: zipo IC zinazougua bila kufa. Zikipoa zinafanya kazi, zikipata moto zinaachia. Iliwahi kunikuta. Nilimhakikishia mteja kwamba ni waya, akanunua HDMI mpya, akarudi na tatizo lile lile. Nilipoipulizia IC dawa ya kupoza, sauti ikarudi palepale mbele yake. Hakusema kitu, aliniangalia tu, na ule waya hadi leo najiona nina deni nao. Lakini kwa mmoja huyo nimepokea makumi ambao ugonjwa wao ulikuwa kwingine kabisa, na baadhi yao walishachomolewa IC nzima kwa pasi ya kuchomelea yenye moto mno, wakaletwa kwangu na bodi iliyobanduka njia.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, fanya hivi. Chomoa HDMI zote. Weka risiva kwenye FM, chomeka waya wa antena, iache iimbe saa nzima kwa sauti unayosikilizia siku zote. FM haipiti HDMI, haipiti TV, haina Dolby, ile sauti ya kidijitali ya spika nyingi. Ikiimba saa nzima bila kukohoa, amplifaya, rilei na spika zako havina kesi. Tatizo liko huko sauti inakotoka. Ikikatika hata kwenye FM, hapo ndipo tuongee habari ya kufungua mfuniko. Kipimo hiki hakina gharama, na sijui kwa nini watu hawakipendi. Labda kwa sababu hakina moshi.

Tuanze na waliofaulu FM.

Kama inakatika nusu sekunde hivi, hasa mechi inapoingia tangazo au ukibadilisha chaneli, hakuna kilichoharibika. Baadhi ya chaneli zinarusha mechi kwa Dolby Digital, kisha tangazo linakuja kwa stereo ya kawaida, PCM. Risiva inabidi iache kazi iliyokuwa inafanya, itambue aina mpya, ndipo ifungulie spika. Katikati hapo inanyamaza makusudi, kwa sababu isiponyamaza, ile data ya Dolby ikichezwa kama PCM inatoka kelele ya kukutoa kwenye kochi. Hukufurahia ukimya? Ingia kwenye setingi za sauti za king'amuzi, weka PCM au Stereo. Utapoteza mzunguko halisi wa spika tano. Chagua kimoja, mimi nyumbani nimechagua PCM, na siku ya filamu narudisha.

Kama inakatika ovyo, bila mpangilio, angalia HDMI. Na hapa kuna hoja inayonichosha: "Mbona picha safi?" Picha safi haithibitishi kitu kama sauti yako inapita ARC, yaani inarudi kutoka TV kwenda risiva kwa waya wa HDMI. Sauti inayotoka king'amuzi kwenda risiva inapanda gari moja na picha, inajipenyeza kwenye mapengo ya picha. Waya ukiwa mbovu vyote viwili vitalalamika, utaona vidoa vinametameta au kioo kinakuwa cheusi kidogo. ARC ni habari nyingine. Ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na inarudisha sauti kutoka TV kwenda risiva kwa pini namba 14 na 19, ambazo hazibebi picha hata kidogo. Pini 14 ikilegea, picha yako inang'aa na sauti inakatika. Kwa hiyo jaribu waya mwingine, mfupi, hata wa kuazima kwa jirani. Dhahabu kwenye ncha haisaidii kitu hapa.

Wenye waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga: toa kile kifuniko kidogo cha plastiki kwenye ncha. Nacheka, lakini nimekikuta zaidi ya mara moja. Wenye spika za nyuma zisizo na waya: router ya intaneti isikae mgongoni mwa risiva, nyingi zinagombania masafa yale yale ya 2.4 GHz.

Na lipo jambo la aibu la ufundi wetu. Kuna siku nachomoa kila kitu ukutani, nakunywa chai, nachomeka upya waya zile zile kwenye matundu yale yale, na tatizo linakwisha. Mteja ananiuliza nimetengeneza nini. Namwambia nimesafisha muunganiko. Ukweli ni kwamba vifaa vya HDMI vinapowaka vinasalimiana na kukaguana vibali, na salamu ikiharibika mara moja, vinaweza kununiana hadi vizimwe vyote. Nani alianza kununa, sijawahi kumkamata.

Sasa waliofeli FM, na huku ndiko ninakotaka tukae.

Ukiwasha risiva, baada ya sekunde chache unasikia "tak". Hiyo ni rilei inaunganisha spika. Ndani yake kuna vidoti viwili vya chuma vinavyogusana, na kila sauti unayosikia inapita hapo. Sisi tunaoishi kando ya bahari tunajua chumvi inavyokula hata mabawaba ya mlango. Basi vidoti hivyo navyo vinafanya weusi, utando mwembamba kama masizi ya kibatari. Utando huo una tabia ya ajabu: mkondo mdogo hauupasui, mkondo mkubwa unaupasua. Ndiyo maana mteja ananiambia, "Fundi, nikisikiliza polepole spika ya kushoto inakufa, nikipandisha sauti inarudi ghafla." Akishasema hivyo, sina haja ya mita. Wengine wanapiga ngumi juu ya risiva na sauti inarudi, wanadhani wameitisha. Umetikisa rilei, ndugu yangu, basi.

Lakini usiamini masikio pekee. Zima, kisha badilishana waya wa spika nyuma ya risiva, wa kushoto uende kulia na wa kulia kushoto. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa liko ndani ya risiva. Ukibaki kwenye spika ile ile, kosa ni spika au waya wake.

Ukikuta ni rilei, tafadhali weka msasa chini. Vidoti vile vina mchanganyiko wa fedha kwa juu. Ukivisugua kwa msasa unaondoa weusi pamoja na fedha, na miezi michache baadaye mteja anarudi na ugonjwa mkubwa zaidi. Mimi natumia kipande cha karatasi ngumu kilicholowa dawa ya kusafishia swichi, napitisha taratibu mpaka kitoke safi. Hata hivyo sitakudanganya, usafi huo ni wa kununua muda. Dawa ya kweli ni rilei mpya, yenye volti zile zile za koili na uwezo ule ule wa ampea, na ukiitoa ile ya zamani angalia risasi ya kuchomelea pembeni yake; pete nyembamba kuzunguka mguu maana yake imeachia, ichomelee upya. Na wewe wa nyumbani usiingize vidole humo, zile kapasita kubwa zinatunza umeme hata risiva ikiwa imechomolewa.

Ikijizima kabisa unapopandisha sauti, taa ikawa inapepesa, hiyo ni ulinzi. Tafuta uzi mmoja wa shaba uliochomoza kwenye tundu la spika ukagusa wa jirani. Au umeongeza spika za barazani: mbili za ohm 6 kwenye tundu moja zinakuwa ohm 3, na risiva yako inakataa kufia barazani. Au ni joto. Kile kitambaa kizuri cha kufuma ulichokitandika juu ya risiva kimeziba matundu yake ya kupumulia. Kitandike kwenye meza.

Yule mzee tulimwekea FM. Akakaa kwenye benchi, akaagiza chai na vitumbua, risiva ikaimba mpaka adhana ya adhuhuri bila kukatika hata mara moja. Nikamwandikia kwenye karatasi: king'amuzi, setingi, sauti, PCM. Akaifunga tena kwenye kanga, akaenda zake.

Usiku, mapumziko ya mechi, simu ikaita.

"Mwanangu, kwenye tangazo imekatika tena."

"Baba, ile PCM uliiweka?"

Kimya, kirefu kuliko cha tangazo.

"Karatasi yako mama yako kafungia vitumbua."