Kabla hujanunua pistoni, fungua eksozi

Juzi mzee mmoja wa Ukerewe alishuka kwenye meli ya Nansio na chensoo yake, msumeno wa injini, ndani ya gunia, akaja nayo moja kwa moja karakana kwangu. Ilikuwa Stihl 070, ile kubwa ya cc 106 inayopasua mbao. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na kabla hajaketi akauliza: "Fundi, hii itapona, au niipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?"

Swali hilo naulizwa sana hapa Mwanza. Wengine wanatupa mashine iliyohitaji plagi na kusafishwa kabureta tu. Wengine wanamwaga hela kwenye mashine iliyokwisha kabisa. Wote wanaanza na bei ya kipuri. Mimi naanza na swali moja: imekufa kwa sababu gani?

Jibu liko nyuma ya eksozi. Fungua skrubu zake, itoe, kisha mulika tochi kwenye tundu la moshi huku ukivuta kamba polepole. Pistoni utaiona ikipanda na kushuka. Ikiwa laini, bila mikwaruzo ya wima, shukuru: injini bado ipo, tafuta tatizo kwenye mafuta au moto wa plagi. Mara nyingi ni vile viwambo vya mpira ndani ya kabureta, vinavyokakamaa petroli ikiachwa humo miezi mingi. Hiyo ni kazi ndogo.

Mikwaruzo ikiwepo, angalia iko upande gani. Ikiwa upande wa eksozi peke yake, injini ilipata joto kupita kiasi, na mara nyingi ni kwa sababu ilivuta hewa nyingi kuliko petroli. Upande wa kabureta ni vumbi: chujio la hewa limechanika au halikukaa sawasawa. Ikiwa imekwaruzika pande zote, nashuku petroli tupu. Kijana ameishiwa mafuta porini, akaomba petroli kwenye pikipiki, akamimina bila oili. Kwa oili ya kawaida ya 2T, ile ya kuchanganywa na petroli, mimi nachanganya 1:25, yaani mililita 40 kwa kila lita moja, na napima kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa kifuniko kumeua mashine nyingi.

Nasisitiza chanzo kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kumwumiza mteja. Miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mtu wa Sengerema pistoni mpya, ikawaka vizuri, akaondoka ameridhika. Haikumaliza wiki mbili, ikarudi imekwaruzika palepale. Sili za krenki, yaani mipira inayozuia hewa kupita pembeni mwa mhimili unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimekakamaa na zinapitisha hewa. Nilikuwa nimebadilisha kilichokufa nikaacha kilichoua. Pistoni ya pili nililipa mimi. Tangu hapo sifungi pistoni kabla ya kuziba matundu ya injini, kupuliza hewa ndani hadi geji ya presha isome nusu ya ba (bar 0.5), na kupaka maji ya sabuni kwenye sili. Povu likitokea, hewa inapita.

Baada ya hapo nashika flaiwili, lile gurudumu zito kwenye ncha ya krenki, naisukuma juu na chini. Ikicheza, beringi za krenki zimekwisha, na hapo ndipo mara nyingi namwambia mteja tuishie. Kupasua injini yote ili kubadili krenki na beringi ni kazi ya siku nzima, na vipuri vyenyewe vikiwa vya kuiga huwezi kujua vitadumu hadi lini.

Silinda nayo ina mambo yake. Silinda za chensoo nyingi zina ngozi ngumu ya kromu au nikeli ndani, kwa hiyo hazichongwi kama za pikipiki. Ukiichonga umeondoa ngozi hiyo, na pistoni itakwama tena. Lakini usiitupe haraka. Mara nyingi mistari unayoiona ni alumini ya pistoni iliyoganda juu yake, na tindikali kidogo inaitoa. Vaa glavu, fanyia nje penye hewa, gusa sehemu yenye alumini peke yake. Ikisafika, pitisha ukucha. Ukiteleza, silinda ni nzima. Ukikwama, ngozi imekwenda.

Sasa ndiyo unapiga hesabu, na uingize bamba linalobeba mnyororo, mnyororo wenyewe na sproketi, ile gia inayouzungusha, maana watu huvisahau. Jumla ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, nashauri kuacha. Ila linganisha nguvu kwa nguvu. Chensoo mpya ya cc 50 ni ya bei nafuu, lakini haiwezi kupasua gogo la mbao za mtumbwi siku nzima.

Jambo moja zaidi kwa wanaonunua mashine zilizotumika: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika huku itatoa moshi na kukosa nguvu. Rekebisha kabureta kwanza, usiihukumu. Ya huku ikienda Dar bila kurekebishwa ndiyo hatari, itakosa petroli ya kutosha na kuunguza pistoni.

Ya mzee ilikuwa na mikwaruzo upande wa eksozi, sili zikipitisha hewa, krenki haichezi, silinda ikasafika. Nikamwambia inapona: sili, pistoni na ringi zake, mnyororo mpya. Nikamwambia pia lililonisumbua zaidi, kwamba kama nyingi za rika lake, haina breki ya mnyororo. Ikirushwa nyuma kumwelekea anayeishika, hakuna kitakachousimamisha mnyororo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo maana kazi ya kuangusha miti wanaifanya kwa nyingine, hii ni ya kupasua magogo yaliyolala tu. Kwa kazi hiyo, nikakubali kuitengeneza.

Aliirudia siku ya tatu. Nilimpa na chupa ya kupimia, nimeichora mstari wa mililita 40 kwa msumari ili usifutike, nikamwomba aikabidhi mkononi mwa yule kijana anayejaza mafuta.