Dar hadi Mikumi likizo ya Juni: yanayosemwa na yalivyo

Tuchukue familia ya watu watano: baba, mama, na watoto wa miaka 11, 8 na 3. Wanatoka Dar es Salaam, wanalala Morogoro mjini, wanaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi siku moja, na muda ukiruhusu wanasogea hadi Milima ya Udzungwa. Pochi ya kawaida inaiweza safari hii, ila watu huogopa gharama ambazo si tatizo na kuzisahau zile zinazowamaliza.

"Hifadhi ni za wazungu, kiingilio ni dola"

Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi. Kiwango cha Mikumi ambacho kimetumika miaka kadhaa ni 5,000 kwa mtu mzima, 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, na bure kwa walio chini ya hapo, kabla ya VAT ya asilimia 18. Familia yetu inalipa 14,000. Weka VAT, inakuwa 16,520. Chipsi kuku za watu watano jioni moja Dar hazitoki kwa bei hiyo. Mwaka wa viwango vya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) huanza Julai mosi, kwa hiyo anayesafiri Julai asitembee na karatasi ya mwaka uliopita.

Bei hiyo inafuata kitambulisho. Watu wazima wabebe cha NIDA, watoto vyeti vya kuzaliwa. Shangazi aliyekuja likizo na pasipoti ya Marekani atalipa dola hata akiongea Kiluguru kuanzia getini hadi bwawa la viboko. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu au benki, si kwa noti mkononi. Mtandao ukigoma, asubuhi inaishia getini, nayo ndiyo saa nzuri ya kuona wanyama. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili. Kama mnakwenda na mwendesha utalii, mwambieni awatolee namba hiyo jana yake.

Kinachomeza hela ni gari. Gari la safari hukodishwa zima, muwe wawili au saba. Kwa hiyo tafuteni familia nyingine ya kuchangia kabla hamjaondoka Dar, na muulize mambo matatu: mafuta yamo? Ada ya gari kuingia hifadhini imo? Ni siku nzima au nusu? Hapo ndipo bei mbili zinazofanana hugeuka kuwa tofauti kabisa.

"Barabara ya Iringa inakatiza hifadhini, tutaona wanyama bure"

Mtaona, tena si kidogo: swala, nyani, mara nyingine twiga na tembo, katika kipande cha kilomita kama 50. Lakini ni kuona kwa kupita. Kushuka hakuruhusiwi, kulisha nyani ni kosa, na mwendo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Anayemgonga mnyama analipa faini kulingana na aina ya mnyama. Uwanda wa Mkata, wenye makundi ya nyati, nyumbu na pundamilia, uko ndani, upande wa kaskazini wa barabara.

Wenye gari dogo huambiwa lisijaribu kabisa. Kiangazi, njia kuu za kuzunguka Mkata hupitika ukiendesha taratibu. Shida ni mvua: ule udongo mweusi wa mbuga (na udongo huo wenyewe huitwa mbuga) hunyonya maji, huvimba na kushika tairi kama ugali mbichi. Ikinyesha usiku, muulizeni askari wa getini hali ya njia kabla ya kulipa.

"SGR ni ya wenye nazo"

Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Morogoro iliyotangazwa treni ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 ni 13,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, chini ya miaka 4 bure. Familia yetu: 39,000 kwenda, bila foleni ya Kibaha wala Chalinze. Hesabu huharibika baada ya kushuka, kwa sababu stesheni ya Morogoro iko nje ya katikati ya mji: bajaji ya kwenda gesti, kesho yake bajaji ya kwenda stendi ya Msamvu, kisha basi la Mikumi. Kwenye basi la Mbeya, kubalianeni nauli na konda kabla mizigo haijaingia buti. Na msishuke geti kuu kwa kuwa mmeliona njiani. Mji wa Mikumi uko mbele zaidi, na asiye na gari la kumpokea getini hana pa kwenda, maana kutembea kwa miguu kuingia ndani hakuruhusiwi.

"Mjini ndiko kwenye unafuu"

Porini hakuna duka. Mjini kila kona ina soda, ubuyu na "baba, naomba". Morogoro pitieni Soko la Chifu Kingalu kwanza, mnunue ndizi, machungwa na karanga za siku mbili pamoja na maji ya dumu kubwa. Nanenane ikikaribia, mwanzoni mwa Agosti, gesti za Morogoro hujaa wageni wa maonyesho. Likizo ya Juni haina msukosuko huo. Lakini ina kipupwe, na mtoto aliyesimama kwenye gari la wazi alfajiri bila sweta atataka kurudi kabla simba hajaonekana.

"Bila gari hakuna hifadhi"

Udzungwa ni ya miguu. Makao makuu yako Mang'ula, kama kilomita 60 kutoka mji wa Mikumi kwa barabara ya Ifakara. Maporomoko ya Sanje yana mita 170, na kupanda kwake ni kazi ya nusu siku. Mwenye miaka 11 ataweza, wa miaka 3 mtambeba. Wenye watoto wadogo wachague njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu. Vaeni raba zenye meno, si ndala. Humo msituni anaishi kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu.

"Chumba kimoja kinatosha wote"

Kinatosha kama mwenye gesti amekubali godoro la ziada, na bei yake mmeijua kwa simu. Chandarua cha kitandani hakifiki godoro la sakafuni, na Mikumi ina malaria: bebeni chandarua kimoja na kamba mita nne, mkifunge dirishani na kwenye mguu wa kitanda. Ombeni chumba cha nyuma. Mbele ni barabara ya Zambia, na malori hayalali.