Kura milioni 19, wajumbe sifuri

Kila Wamarekani wanapojiandaa kumchagua rais, wanafunzi wangu wa mifumo ya uchaguzi huniuliza: nchi yenye watu zaidi ya milioni 300 inakosaje chama cha tatu, zaidi ya Republican na Democratic? Haikosi. Libertarian wapo, Green wapo, na wagombea binafsi hawaishi. Kinachowaponza zaidi si uchache wa kura bali mahali kura hizo zilipo.

Chukua mwaka 1948. Strom Thurmond, aliyetetea ubaguzi wa rangi, na Henry Wallace wa mrengo wa kushoto walipata karibu kura sawa: kila mmoja asilimia 2.4 hivi. Wallace hakuambulia hata mmoja wa wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais. Thurmond alipata 39, kwa sababu kura zake zilirundikana Kusini, akashinda South Carolina, Alabama, Mississippi na Louisiana. Leo wajumbe hao ni 538, na karibu kila jimbo humpa anayeongoza wajumbe wake wote, hata akiongoza kwa kura moja. Wa pili harudi na kitu.

Ndiyo maana Ross Perot, bilionea wa Texas na mgombea binafsi, alipata asilimia 18.9 mwaka 1992, kura zaidi ya milioni 19, na bado akatoka kapa. Alipendwa kiasi kila mahali, lakini hakuongoza jimbo lolote. Kule Maine alimpita hata Rais George H. W. Bush, mwenye nyumba ya mapumziko jimboni humo, akawa wa pili nyuma ya Bill Clinton wa Democratic. Haikumsaidia kitu.

Wapiga kura wanalijua hili, na mwaka 2000 uliwazidishia hofu ya kupoteza kura kwa chama kidogo. George W. Bush wa Republican alimshinda Al Gore wa Democratic huko Florida kwa kura 537, na jimbo hilo ndilo lililompa urais. Ralph Nader wa Green alikuwa na zaidi ya 97,000 jimboni humo. Wanachama wa Democratic wangali wanamlaumu kwa kumpunguzia Gore kura. Mimi naona lawama hiyo ingeelekezwa kwanza kwenye kanuni, maana Nader alikuwa na haki ya kugombea kama wao.

Ipo pia milolongo ya kukusanya saini jimbo kwa jimbo, na fedha. Hayo tajiri huyamudu. Asichokimudu ni hiki: asipopatikana mwenye wajumbe 270, yaani zaidi ya nusu, Bunge la Wawakilishi ndilo huamua, kila jimbo kura moja. Na Bunge hilo limejaa Republican na Democratic. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura na kwa wajumbe; Bunge likampa urais John Quincy Adams.

Dalili ya mabadiliko ipo, ila ndogo. Tangu 2020 mpiga kura wa Maine anaweza kuwapanga wagombea urais kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ili kura yake ihamie kwa mwingine chaguo lake likitolewa. Alaska ilifuata 2024. Kwa pamoja majimbo hayo yana wajumbe 7.