Utando wa Oksidi Unaooteshwa kwa Umeme: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi hudhani kwamba umeme unaopitishwa kwenye mmumunyo hauwezi kuacha juu ya kathodi (ncha hasi ya umeme) kitu kingine isipokuwa metali, kama ilivyo kwa sonara anayechovya pete ya shaba ili ipate ngozi ya dhahabu. Kwa dhana hiyo, utando wa oksidi ya zinki ungepatikana kwa kupaka zinki kwanza, kisha kuichoma tanurini ili ishike oksijeni.

Ukweli ni kwamba oksidi huota moja kwa moja. Mwaka 1996, Masanobu Izaki na Takashi Omi wa Japani walionyesha namna ya kupata utando angavu wa oksidi ya zinki kutoka kwenye mmumunyo wa naitreti ya zinki. Humo, elektroni za kathodi huchukuliwa na naitreti, ambayo hugeuka kuwa naitraiti na kuacha ioni za hidroksidi. Kwa sababu hiyo pH (kipimo cha asidi na besi) hupanda katika tabaka jembamba la maji linalogusa kathodi, ilhali mmumunyo uliobaki una asidi kidogo. Ioni za zinki zinapofika hapo huungana na hidroksidi, na katika nyuzi joto 70 hivi za Selsiasi muungano huo hupoteza maji na kuwa oksidi. Zinki haipokei elektroni hata moja katika safari yote hiyo. Volti za kathodi zikishushwa mno upande wa hasi, ndipo metali ya zinki huanza kutua na kuuharibu uangavu wa utando.

Dhana ya pili, kwamba fuwele nzuri hudai ombwe na joto la mamia ya nyuzi, nayo haina msingi. Kundi la Jay Switzer, huko Missouri, Marekani, limeotesha oksidi ya shaba juu ya fuwele moja ya dhahabu hata mpangilio wa atomi za utando ukafuata ule wa dhahabu iliyo chini yake. Hata pH peke yake ina nguvu ya kushangaza: katika mmumunyo wa sulfeti ya shaba na asidi ya laktiki, oksidi hiyo mara nyingi huelekeza uso wake wa 100 juu katika pH 9, na uso wa 111 katika pH 12 (namba 100 na 111 hutaja nyuso tofauti za fuwele), jambo linaloonekana wazi kwenye kipimo cha eksirei.

Wapo pia wanaoamini kuwa kuongeza mkondo ni kuharakisha kazi tu. Unene hufuata chaji: mikromita 1 ya oksidi ya zinki kwenye sentimita 1 ya mraba hudai kulombu 1.3 hivi, iwapo hakuna elektroni inayopotea. Lakini mkondo ukizidi kasi ya ioni kufika kathodini, utando huwa na vinyweleo na hushikana vibaya.

Mwisho, kioo cha kawaida hakifai kuwa kathodi, kwa kuwa hakipitishi umeme. Hutumiwa kioo kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini, na kwa kuwa jicho halitofautishi pande zake mbili kwa urahisi, upande sahihi hutafutwa kwa multimita kabla ya kukitumbukiza.