Zuzana Hejnová: yanayosemwa na yaliyotokea uwanjani

"Alikuwa nyota wa msimu mmoja." Hili ndilo husemwa zaidi, na ndilo linalomdhulumu zaidi. Ni kweli kwamba mwaka 2013 Hejnová, mzaliwa wa Liberec katika Jamhuri ya Cheki, alikimbia mita 400 kuruka viunzi msimu mzima bila kushindwa, na mjini Moscow akatwaa dhahabu ya dunia kwa sekunde 52.83. Wa pili, Mmarekani Dalilah Muhammad, alimaliza kwa 54.09. Fainali za mbio hizi mara nyingi huamuliwa kwa sehemu ndogo za sekunde, kwa hiyo pengo la zaidi ya sekunde nzima ni kubwa mno. Wala Muhammad hakuwa wa kubezwa: miaka 3 baadaye alishinda Olimpiki ya Rio.

Ila Hejnová hakuzuka 2013. Akiwa na miaka 16 tu alishinda ubingwa wa dunia wa vijana huko Sherbrooke, Canada. Mwaka 2008 alikimbia fainali ya Olimpiki mjini Beijing. Baada ya Moscow, jeraha la mguu lilimharibia karibu msimu wote wa 2014, na wengi wakadhani basi, kwisha habari yake. Agosti 2015 akarudi Beijing akatetea taji lake la dunia kwa 53.50. Wakenya nao wana sababu ya kuikumbuka wiki ile: siku moja kabla, katika uwanja uleule, Nicholas Bett alishinda mbio kama hizo kwa wanaume kwa 47.79, akitokea njia ya 9.

"Alipata shaba London." Orodha nyingi za zamani bado zinasema hivyo. Usiku ule wa Agosti 2012, kwenye Olimpiki, alimaliza wa tatu kwa 53.38, nyuma ya Mrusi Natalya Antyukh na Mmarekani Lashinda Demus. Mwaka 2022 matokeo ya Antyukh yakafutwa kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku, ushahidi ukitoka kwenye kumbukumbu za maabara ya kupima dawa hizo mjini Moscow. Demus akawa bingwa, Hejnová akapewa fedha, na Mjamaika Kaliese Spencer shaba. Miaka 10 ilipita kabla ya wanawake hawa kupewa haki yao. Hakuna uamuzi wa kamati unaoweza kumrudisha mtu jukwaani mbele ya uwanja uliojaa, na mimi naona huo ndio wizi mkubwa kuliko wa medali yenyewe.

"Alishikilia rekodi ya dunia." Ya mita 400 viunzi, hapana. Alipokuwa kileleni, rekodi ilikuwa 52.34 ya Yuliya Pechonkina tangu 2003. Alichokuwa nacho Hejnová ni muda bora duniani wa mita 300 viunzi, 38.16, umbali usiokimbiwa kwenye Olimpiki. Mholanzi Femke Bol aliuvunja mwaka 2022 huko Ostrava, kwenye ardhi ya Cheki.

Wapo pia wanaoamini kwamba ukigonga kiunzi kikaanguka unaondolewa mashindanoni. Kwa kawaida, hapana. Hasara yake ni kasi unayoipoteza.

"Kupokezana vijiti kulikuwa nyongeza tu." Hapana, kulionyesha nguvu ileile iliyomshindisha kwenye viunzi. Mbio za mita 400 viunzi kwa wanawake zina viunzi 10, na kutoka cha mwisho hadi utepe zinabaki mita 40 tupu. Hapo ufundi wa kuruka hausaidii tena. Miguu imejaa uchovu na anayeshinda ni mwenye mita 400 za kweli ndani yake. Hejnová alikuwa nazo. Kwenye Ubingwa wa Ulaya mjini Helsinki mwaka 2012 alipata shaba ya viunzi, dhahabu ikienda kwa Mcheki mwenzake Denisa Rosolová, ambaye awali alikuwa mrukaji wa mbali. Baadaye wote wawili walikuwa katika timu ya kupokezana vijiti ya 4×400 iliyopata shaba. Na mwaka 2017 mjini Belgrade, kwenye Ubingwa wa Ulaya wa ndani ya ukumbi, alikimbia mita 400 bila kiunzi hata kimoja akawa wa pili, nyuma ya Mfaransa Floria Gueï. Alikuwa na miaka 30.