Mapigano ya Long Island, 1776: Njia Moja Iliyoachwa Wazi

Wamarekani walipotangaza uhuru wao mwezi Julai 1776, vita dhidi ya Uingereza vilikwisha kupita mwaka mmoja, lakini jeshi lao changa lilikuwa bado halijakabiliana na nguvu kamili ya mfalme katika uwanja wa wazi. Lilikabiliana nayo tarehe 27 Agosti huko Brooklyn, katika kisiwa cha Long Island, likashindwa vibaya.

Jenerali William Howe, kamanda wa Waingereza, alianza kuteremsha majeshi yake ufukweni Gravesend tarehe 22 Agosti, na baada ya siku chache alikuwa na watu wapatao 20,000, wakiwemo askari wa kukodiwa kutoka Hesse, Ujerumani. George Washington, kamanda wa Wamarekani, kwa kuwa hakujua kama adui angepiga Long Island au mji wa New York ulio ng'ambo ya maji, aliligawa jeshi lake, na Brooklyn ikabaki na watetezi wapatao 10,000. Isitoshe, Nathanael Greene, jenerali aliyeijua vizuri ardhi ile, alikuwa hoi kwa homa.

Mbele ya ngome za Brooklyn palikuwa na safu ya vilima vyenye msitu, iliyopenywa na njia nne. Tatu ziliwekewa walinzi wa kutosha. Ya nne, ile ya Jamaica upande wa mashariki, ililindwa na maofisa watano tu waliopanda farasi. Kwa ushauri wa Henry Clinton, jenerali aliyekuwa chini yake, Howe aliiacha mioto ya kambi ikiwaka ili ionekane kwamba hakuna aliyeondoka, kisha akaongoza watu wapatao 10,000 usiku kucha. Maofisa wale watano walikamatwa kabla ya kupeleka habari kwa wenzao, na mwenye nyumba ya wageni iliyokuwa karibu akalazimishwa kuwaonyesha Waingereza njia. Asubuhi, Jenerali John Sullivan wa Wamarekani alipokuwa akiwatazama Wahesse mbele yake, mizinga ililia nyuma yake.

Si haki kuwatwika lawama askari wa kawaida, kwani kosa lilikuwa la makamanda, Washington akiwa miongoni mwao. Kwenye kinamasi cha Gowanus, watu wapatao 400 wa Maryland, wakiongozwa na William Alexander, waliishambulia tena na tena nyumba ya mawe iliyotekwa na Waingereza ili wenzao wapate nafasi ya kuvuka. Wengi wao hawakurudi, na Alexander alitekwa, kama alivyotekwa Sullivan.

Howe, aliyeshuhudia askari wake wakiteketea katika mapigano ya Bunker Hill, karibu na Boston, mwaka uliotangulia, hakuzivamia ngome siku hiyo. Kusita huko ndiko kulikoyaokoa mapinduzi: usiku wa tarehe 29, mabaharia na wavuvi wa Marblehead, mji wa pwani wa Massachusetts, chini ya John Glover waliwavusha watu wapatao 9,000 wa Washington hadi Manhattan, kisiwa chenye mji wa New York, na kulipokucha ukungu mzito ukawaficha waliosalia.

Waliotekwa, zaidi ya 1,000, hawakupata bahati hiyo. New York ilibaki mikononi mwa Waingereza hadi Novemba 1783, na katika miaka hiyo maelfu ya mateka wa vita hivyo walikufa kwa njaa na maradhi ndani ya meli za magereza zilizotia nanga ghuba ya Wallabout. Mabaki ya wengi wao yamehifadhiwa Fort Greene Park, Brooklyn, chini ya mnara uliozinduliwa mwaka 1908.