Prosesa mbili za GHz 2.4 si GHz 4.8

Nimeulizwa tena, na safari hii muulizaji alikuwa amekwisha lipa: "Mazabodi hii inaingia prosesa mbili za GHz 2.4, kwa hivyo nitapata 4.8, sivyo?" Sivyo. GHz ni kipimo cha kasi ya prosesa. Boda boda mbili zikitoka Kondele kwenda Mamboleo, mjini Kisumu, kila moja kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, haziwi pikipiki moja ya kilomita 80. Zitabeba watu wengi zaidi kwa safari moja, lakini hakuna abiria atakayefika mapema. Imani hii inawagharimu watu pesa nyingi, ndiyo maana naiandikia kirefu.

Chukua kazi ya saa nzima ambayo dakika 24 zake hazigawiki: hatua moja lazima ingoje nyingine. Zilizobaki, 36, zinagawika vizuri. Ukiongeza prosesa ya pili, hizo 36 zinakuwa 18, zile 24 zinabaki 24. Jumla ni dakika 42, na hapo nimehesabu kwa ukarimu. Kuchora na kuzungusha modeli kwenye AutoCAD, programu nyingi za uhasibu, kufungua faili kubwa ya Excel: kazi hizi hutegemea kori moja (kitengo kimoja cha kuhesabu ndani ya prosesa) yenye kasi. Kurenda (kugeuza modeli kuwa picha kamili) kwa Blender au V-Ray, kuunganisha mamia ya picha za droni kuwa ramani, kuendesha mashine pepe kumi (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) kwa wakati mmoja: hizi ndizo zinazolipia soketi, yaani tundu la prosesa, ya pili. Xeon E5-2680 v4, prosesa ya seva ya Intel, ina kori 14, GHz 2.4 za msingi na 3.3 ikijisukuma. Mbili zinakupa kori 28 na thredi 56 (kila kori huendesha foleni mbili za kazi). Kwa kazi inayotegemea kori moja, kompyuta ya kawaida ya mezani yenye kori 6 za kisasa itaziacha mbali, na bili ya stima itakuwa nafuu.

Kama kazi yako inagawika kweli, tuendelee. Nitazungumzia zaidi soketi ya LGA 2011-3, familia ya E5-2600, vizazi vya v3 na v4 ya mwaka 2014 na 2016, kwa sababu ndiyo inayopatikana mitumba kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria.

Upatanifu nitaupitia haraka. Namba ya kwanza baada ya E5 ndiyo kikomo cha soketi: 1600 hukaa peke yake, 2600 hukaa mbili, 4600 hukaa nne. E5-1650 v4 itaingia kwenye soketi bila shida, lakini haitashirikiana na mwenzake. Prosesa zote mbili ziwe modeli ileile. V3 na v4 hazichanganyiki. Bodi iliyotoka kiwandani kabla ya v4 inahitaji BIOS mpya (programu inayoiwasha bodi) kwanza, kwa hivyo muulize muuzaji toleo la BIOS, la sivyo utahangaika kutafuta v3 ya kuazima ili tu uiwashe. Upande wa AMD, prosesa ya seva ya EPYC yenye herufi P mwishoni, kama 7302P, haikubali mwenzake hata kidogo. Windows Home hutambua soketi moja tu, unahitaji Pro. Na ukivuka thredi 64, Windows huzigawa katika makundi, na programu ya zamani inaweza kubaki kwenye kundi moja huku nyingine zimelala.

Sasa jambo lenyewe. Mazabodi ya prosesa mbili ni kompyuta mbili zilizoungwa kwa daraja. Kila prosesa ina RAM yake, chaneli (njia) nne. Kila moja ina leni zake 40 za PCIe, njia za kadi za ziada kama za grafiki. Katikati kuna QPI, ndiyo daraja lenyewe. Ukilielewa hili, nusu ya maswali ya kuchagua bodi yamejijibu.

Hesabu iko hivi. Kijiti kimoja cha DDR4-2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Chaneli nne zikijaa ni 76.8 kwa prosesa moja. Daraja, kwa v4 zenye QPI ya 9.6 na viungo viwili, hupitisha gigabaiti 38.4 kwa sekunde kwa kila upande. Maana yake, prosesa inayosoma RAM ya jirani yake ina nusu ya upana, tena inachelewa zaidi kwa kila ombi. Kwenye Linux andika `numactl --hardware`, amri inayoonyesha RAM ya kila upande: RAM ya nyumbani huonyeshwa kama umbali wa 10, ya jirani kwa kawaida 21.

Halafu mtu ananunua vijiti viwili vya gigabaiti 64, anavichomeka vyote upande wa prosesa ya kwanza kwa kuwa sloti ziko karibu, kisha analalamika kuwa seva ni nzito. Prosesa ya pili haina hata kijiti kimoja! Kila inachohitaji inakivusha darajani, na kule nako inakuta foleni ya chaneli mbili. Gigabaiti 128 zilezile zikija kama vijiti vinane vya 16, kimoja kwa kila chaneli, mashine hiyohiyo inabadilika kabisa. Kwenye bodi za Supermicro za kizazi cha X10, jaza A1, B1, C1 na D1 upande wa P1, halafu E1, F1, G1 na H1 upande wa P2. Bodi nyingine zina majina yao. Fuata mwongozo, usifuate macho. Vijiti viwe RDIMM vyote au LRDIMM vyote, aina mbili za RAM ya seva. Ukichanganya, haiwaki.

Hapo ndipo ukubwa wa bodi unapoingia. X10DRL-i, bodi ya Supermicro, ina sloti 8 za RAM na ni ATX ya kawaida ya inchi 12 kwa 10, inaingia kwenye kasha la mtaani. Nduguye X10DRi ina sloti 16 na ni inchi 12 kwa 13. Ukianza na 8 × 16 kwenye ile ndogo, umeijaza. Siku ukitaka 256 unauza vyote na kununua vingine. Kwa mtu wa mashine pepe napendekeza ile kubwa. Kwa mtu wa kurenda, ile ndogo inatosha.

Kuna mpangilio wa BIOS uitwao "Node Interleaving" unaochanganya RAM ya pande zote mbili ionekane moja. Wengi huambiwa wauwashe ili kumaliza tatizo. Haumalizi, unaligawa: kila programu sasa inavuka daraja karibu nusu ya safari zake. Hata hivyo siwezi kuapa kuwa ni mbaya siku zote. Programu kubwa moja isiyojua habari za nodi (prosesa pamoja na RAM yake), yenye kumbukumbu inayozidi upande mmoja, huweza kupata nafuu. Vitabu hutoa kanuni hapa. Mimi nasema uzime, pima kazi yako halisi, kisha uwashe upime tena. Kwa mashine pepe sina shaka: uzime, na usiipe mashine moja kori au RAM nyingi kuliko zilizo upande mmoja. Mashine ya kori 20 juu ya prosesa za kori 14 imeshavuka daraja kabla haijaanza kazi.

PCIe ni habari ileile. Mwongozo una mchoro unaoonyesha sloti ipi imetoka prosesa ipi. Usomeni huo mchoro kabla ya kununua! Ukiwa na prosesa moja tu kwa sasa ("nyingine nitaongeza mwakani"), sloti za upande wa pili, za RAM na za PCIe, zimekufa mpaka prosesa ya pili ifike. Na sloti ndefu ya x16 huenda ndani ina leni 8 tu.

Kuhusu kasha: vinguzo vya shaba vinavyoshika bodi ya EEB (umbo kubwa la inchi 12 kwa 13) haviko mahali pale pale kama vya ATX. Kinguzo kilichobaki chini ya bodi pasipo na tundu hugusa nyaya za nyuma na kuleta shoti. Toa vyote, weka bodi, weka alama, rudisha vinavyohitajika tu. Hitisinki, vipoozaji vya prosesa, nazo zina maumbo mawili: mraba wa milimita 80 kwa 80, na mwembamba wa 56 kwa 94. Hazibadilishani. Piga picha soketi uipime kabla ya kuagiza, maana kurudisha kifurushi Nairobi kwa basi ni gharama nyingine.

Bodi zilizong'olewa kwenye mashine kama HP Z840 au Dell Precision T7910 ni za bei ya kuvutia, lakini umbo na viunganishi vyake vya umeme ni vya mashine hizo. Nunua mashine nzima, au achana nazo. Zile "X99" za soketi mbili kutoka Uchina zinanitia wasiwasi wa aina tofauti. Kwa kurenda nyumbani naweza kuzikubali. Kwa seva ya Sacco, hapana, kwa sababu nyingi hazina BMC, ile kompyuta ndogo ya kuisimamia seva kwa mbali. Saa mbili usiku, ofisi imefungwa Nakuru nawe uko Busia, BMC ndiyo itakayokuwezesha kuizima na kuiwasha. Badilisha nywila yake ya kiwandani siku ya kwanza.

Pawa saplai iwe na plagi mbili za EPS (plagi za umeme wa prosesa) za pini nane, moja kwa kila prosesa. Prosesa mbili za wati 120 ni wati 240, yaani ampea 20 kwenye volti 12; usizilishe kwa kigawanyio cha waya mmoja. Plagi ya pini nane ya kadi ya grafiki si EPS: volti na ardhi zimegeuzwa. Haiingii kwa hiari, na ukiilazimisha umeunguza bodi.

UPS (betri ya akiba stima ikipotea) ya VA 650 haifiki wati 400, na nyingine hutoa wimbi la ngazi ambalo pawa saplai za kisasa hulikataa mara stima inapopotea. Anzia VA 1500, wimbi laini. Kisumu, Kakamega na Kisii kuna radi nyingi. Bila ardhi nzuri ukutani, kizuia mawimbi hakikusaidii. Mashine inayotumia wati 120 ikiwa imekaa tu hula uniti 86 hivi kwa mwezi, zihesabu kwenye tokeni. Wadudu wa ziwani na vumbi la Nakuru huziba hitisinki zenye mapezi ya karibu karibu. Weka wavu wa kuchuja mbele, uusafishe kila mwezi.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha soketi zote mbili umulike kwa tochi kutoka pembeni. Pini zote zing'ae kwa mstari mmoja. Pini moja iliyolala inaweza kupoteza chaneli nzima ya RAM huku mashine ikiwaka kama kawaida. Iwashe na vijiti vinane, hesabu vyote kwenye BIOS, acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, imalize mzunguko mmoja kamili. Kisha washa Linux kutoka kwenye flashi, andika `lscpu` na `numactl --hardware`. Unataka soketi mbili, nodi mbili, na RAM inayokaribiana pande zote mbili. Nodi ya pili ikiandika sifuri wakati vijiti viko mahali pake, mrudishie muuzaji bodi yake.